Utepe wa Kijani Ulivyonifanya Prodyuza wa Siku Moja

Asubuhi ya siku ya pili ya kongamano la waandishi wa filamu, watu nisiowajua walianza kuniletea kahawa.

Sikuagiza. Nimekaa zangu mapokezi ya hoteli, pale Burbank, nawaza nianzie wapi, mara jamaa mmoja ananiwekea kikombe mezani.

"Kaka, dakika moja tu. Nina stori ya polisi aliyestaafu..."

Huyo akaondoka, akaja mwingine. Aliyefuata alikuja na keki kabisa.

Nikajisemea, kumbe waandishi wa California ni watu poa namna hii.

Jina langu Leland, fundi matairi wa Toledo, Ohio. Miaka minane nilikuwa naandika skripti moja tu ya filamu, naibomoa, naijenga upya. Hili lilikuwa kongamano langu la kwanza, na mke wangu Marlene alishaniambia ndilo la mwisho.

"Mume wangu, ukirudi mikono mitupu, hiyo meza yako ya kuandikia inatoka sebuleni. Unaenda kutandika mazulia na kaka yangu."

Nilikubali. Hata mimi nilikuwa nimechoka.

Basi nikawa napokea stori tu. Mtu anahadithia bila kuvuta pumzi, jasho linamtoka, macho usoni kwangu. Mmoja nikamuuliza, kwa nini mimi?

Akanionyesha kifua changu.

Utepe.

Jana yake, wakati wa kujiandikisha, tepe za bluu za waandishi zilikwisha. Wa mwisho alipewa mama mmoja mbele yangu, mwenye koti la njano. Binti wa mapokezi akanivisha wa kijani. "Rangi tu hiyo, usijali."

Kumbe kijani ni cha maprodyuza, wale wanaonunua skripti na kutengeneza filamu. Mgeni ningejuaje?

"Jamani, mimi mwandishi kama nyie," nikawaambia.

Wakacheka. "Wote mnasema hivyo mkitaka kutukwepa."

Nikauvua, nikautia mfukoni. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Sasa wakasema mkubwa anajificha.

Ndipo akaja Twyla. Mama wa makamo, mpishi wa shule huko Boise. Akaanza kunihadithia kuhusu ndugu wawili wazee wanaoishi nyumba moja na hawasemeshani. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa stori za watu. Sikusikia hata nusu.

"Mama, nimeipenda sana. Nitumie," nikamwambia, nikampa barua pepe yangu. Nilitaka aondoke bila kuumia, basi.

Nikamsikia kwenye korido akiongea na mwanawe kwenye simu, sauti imejaa machozi. "Ameipenda. Amesema nimtumie."

Roho iliniuma, lakini zamu yangu ilikuwa imekaribia.

Utaratibu wa pale, kila mwandishi anapewa dakika chache mbele ya prodyuza wa kweli, kengele ikilia unanyanyuka. Wa kwangu alikuwa mama mmoja anaitwa Deirdre. Nilihadithia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Akatabasamu.

"Leland, nimeipenda sana. Nitumie."

Maneno yale yale. Hata lile tabasamu nililijua, maana asubuhi nzima nilikuwa nimelivaa mimi.

Nje wenzangu wa foleni, waliosikia kutoka mlangoni, wananipiga mabegani. "Umeula, ndugu yangu." Nikawapita, nikampigia Marlene.

"Vipi, wamesemaje?"

"Itoe meza."

"Wamekukatalia?"

"Wameipenda sana."

"Sasa mbona..."

"Itoe tu, mke wangu."

Kwenye ndege nikafungua simu. Skripti ya Twyla ilikuwa imeshaingia. Nikaanza kuisoma ili nisiiwaze ya kwangu.

Aisee, nililia. Mzee wa kiti cha jirani akanipa tishu na hakuniuliza kitu. Wale ndugu wawili wanagawana supu bila kusemeshana, na mimi nalia kama mtoto. Ile ndiyo filamu niliyotamani kuandika miaka yote minane, na ilikuwa imetumwa kwa fundi matairi.

Nilipofika tu nikamwandikia ukweli wote. Utepe, Toledo, matairi. Nikamwambia mimi siwezi kumsaidia chochote, ila yeye anaandika kuliko mimi, asikate tamaa.

Jibu lake lilikuwa fupi.

"Kaka Leland, asante kwa kunikatalia kiungwana, hadi kujiita fundi matairi. Najua huko kwenu hamna anayesema hapana. Nilitaka kusikia kutoka kwa mtu mkubwa mmoja tu, na nimesikia. Naacha kuandika. Ubarikiwe."

Niliandika tena na tena. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye skripti, haikupokelewa.

Sasa natandika mazulia, na jioni nikirudi pale palipokuwa na meza pana televisheni.

Wewe unayejiandaa kwenda kongamano lako la kwanza, achana na kuwakimbiza wenye tepe. Geukia aliyesimama na wewe kwenye foleni. Msalimie, omba usome kazi yake, naye asome yako. Huyo hana sababu ya kukudanganya.

Kwenye jibu lake lile Twyla aliweka na picha, amepigwa siku ile anajiandikisha, anacheka. Kifuani ana utepe wa bluu. Amevaa koti la njano.

Nyuma yake nimesimama mimi, natazama pembeni, namtafuta mtu mkubwa wa kuongea naye.