Bwana Kilo Achagua Transfoma

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua mizani za sokoni. Aliingia dukani na mawe yake ya kupimia, akayaweka, akasoma, akapiga muhuri au akaifungia mizani hapo hapo, mwenye duka alie asilie. Watu walimwita Bwana Kilo. Hakuona kama ni utani.

Alipostaafu alitoa uvunguni gitaa alilonunua ujanani na kulipiga wiki mbili. Akaamua kujitengenezea amplifaya ya valvu, zile za glasi zinazowaka kama vitaa, kwa sababu aliwahi kuisikia moja harusini na sauti yake ilikuwa na nyama. Mchoro alipewa na shemeji yake, fundi wa redio. Valvu nne alizipata, spika akaipata, sanduku akaligonga mwenyewe. Ilibaki transfoma, ya kuupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe ule ambao valvu zinautaka.

Akaenda kwenye karakana ya kusuka mota. Fundi wake alikuwa mwanamke wa makamo, vipande vya waya wa shaba vimemnasa kwenye kilemba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka transfoma ya amplifaya ya gitaa. Iwe nzuri.”

“Valvu ngapi, na zinakula umeme kiasi gani?”

“Nne.”

“Nimeuliza mambo mawili.”

“Hebu nizione kwanza.”

Rafuni zilikuwa tatu. Bwana Kilo alizinyanyua moja moja, macho amefumba. Kisha akatoa mfukoni mizani ya kuning’iniza. Ya kwanza kilo mbili na ushei. Ya pili karibu kilo tatu. Ya tatu, iliyotolewa kwenye jumba la sinema lililofungwa, kilo sita na robo.

“Hii,” alisema.

“Mzee, uzito unakuambia inaweza kubeba mzigo kiasi gani. Haukuambii volti.”

“Chuma kingi hakidanganyi.”

“Hakidanganyi. Ila hujakiuliza kitu.”

Aliibeba hadi nyumbani, bega moja limeshuka.

Asubuhi ya Jumamosi akaiunganisha juu ya meza ya kulia. Mkewe, mkunga mstaafu, alikuwa upande wa pili akikunja mashuka. Valvu zikaanza kuwaka, na Bwana Kilo akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha kikasikika kitu kama kwikwi, kapasita kubwa, kopo la kuhifadhia umeme, ikapasuka, na matumbo yake ya karatasi yakatapakaa juu ya mashuka.

Mkewe alichomoa waya ukutani kwanza. Ndipo akauliza:

“Wa kike au wa kiume?”

Bwana Kilo aliokota vipande vya karatasi. Siku mbili hakugusa kitu. Aliwakumbuka wenye maduka waliokuwa wakimwapia kwamba mizani zao ziko sawa kabla hajatoa mawe yake. Miaka yote aliwahesabu kuwa wezi. Sasa akaona kwamba wengine labda waliamini tu, kama yeye, na wazo hilo likamkosesha raha kuliko kapasita.

Siku ya tatu akairudisha transfoma shingo upande. Fundi aliipima: volti mia nne na thelathini, na zikishageuzwa na daiodi ziwe umeme wa upande mmoja zinakaribia mia sita. Mchoro ulitaka mia tatu na arobaini. Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma mzee.

“Sasa tuanze na valvu zako,” alisema fundi.

Wakakaa na karatasi ya shemeji. Nyuzi za kuzipasha moto valvu zilitaka volti sita na kitu. Wakajumlisha chakula cha kila moja: zote nne, ampea moja na nusu. Fundi akashusha ile nyepesi kuliko zote.

“Hii inatoa mia mbili na hamsini. Ukizigeuza unafika pale pale mchoro unapotaka. Na upande wa kupasha moto ina ampea mbili na nusu.”

“Kwa hiyo ina akiba.”

“Inayo.”

“Lakini nyepesi.”

“Na amplifaya yako ni ndogo, mzee. Ulitaka kupigia wilaya nzima?”

Bwana Kilo alilifikiria swali hilo kwa makini, kama lililoulizwa kikazi.

“Hapana,” alisema. “Sebule tu.”

Aliweka kapasita mpya, na safari hii hakikupasuka kitu. Kulikuwa na mvumo mdogo, kama nyuki aliye chumba cha pili, kisha gitaa likatoka juu yake, nene na tamu. Baada ya saa nzima aliigusa transfoma: ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Alipiga wimbo wake wote, akasimama mahali palepale alipokuwa akikosea ujanani, akakosea, akamaliza.

Mkewe alikuwa ameleta kiti.

“Unajua mwingine?”

“Sijui.”

“Basi rudia huo huo,” alisema, akavua viatu.