Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Wanafunzi walimwita Kufuli. Naye alijua, na kimoyomoyo jina hilo lilimpendeza. Alikuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka ishirini, mtu wa kufunga dirisha, kwenda zake, kisha kurudi kulitikisa kama kweli limefungika. Mwaka ule kamati ya shule tisa ilimpa kazi ya kutunga mtihani wa majaribio wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kazi ya heshima, ila ilikuwa na mwiba: binti yake wa pekee alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Mwalimu hakuficha. Aliwaeleza wanakamati mapema, nao wakasema wanamwamini, mradi tu mtihani usionwe na mtu. Alijua fika kwamba ukivuja, hakuna atakayeuliza umevujia wapi. Macho yote yatamwendea binti, na mtoto atamaliza shule akiitwa mwizi.

Ndipo akahudhuria semina ya siku moja ya usalama wa kompyuta. Wenzake walifuata chakula cha mchana. Yeye aliketi mbele, akajaza kurasa kumi na nne. Mtaalamu alisema jambo lililomkata hamu hata ya hicho chakula: neno la siri ni zuri, lakini mwizi mwenye bisibisi na dakika kumi hana shida nalo. Ataigeuza laptopu kifudifudi, alegeze skrubu za chini, achomoe diski na kunakili vilivyomo, au apachike kidude cha kunasa kila herufi unayoandika. Kisha anafunga, anaondoka, na wewe unarudi unakaa mezani kama bwana, hujui lolote.

Kufuli alirudi nyumbani na mnyororo wa baiskeli. Aliifunga laptopu kwenye mguu wa kabati la vyombo, pale sebuleni, na kwa kuwa mnyororo ulikuwa mfupi, mtihani wa shule tisa ukatungwa na mtu aliyeketi sakafuni, magoti yakigusa masikio. Kesho yake akaziba matundu yote ya laptopu kwa nta ya mshumaa ili mtu asichomeke flashi. Aliziba yote kweli, na la chaji likiwemo. Akashinda Jumamosi nzima akichokoa nta kwa kijiti cha meno.

Mkewe, muuguzi, mwanamke asiyepoteza maneno, alisimama akamtazama. "Baba nanii, kompyuta umeifunga mnyororo. Mlango wa jikoni haufungi tangu mwaka jana."

"Mlango wa jikoni hauna mtihani ndani," akajibu mumewe, wala hakuinua kichwa.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa rangi ya kucha. Mtaalamu alisema: tafuta ile yenye vimetameta, dondoshea juu ya kila skrubu, acha ikauke, piga picha. Mtu akigusa skrubu, rangi inapasuka. Hata akipaka upya, vimetameta havitakaa tena vile vilivyokaa mwanzo, kwa hiyo ukilinganisha na picha utamkamata. Kufuli alitaka kulia kwa furaha. Hiyo ilikuwa fizikia.

Muuza vipodozi alimpangia chupa sita juu ya kaunta. "Ya mama au ya binti?"

"Ya kazi."

"Inaendana na nguo ya rangi gani?"

Mwalimu akaifikiria laptopu yake. "Kijivu."

"Basi chukua hii ya zambarau. Vidole virefu au vifupi?"

"Ni kumi," akasema Kufuli, maana skrubu zilikuwa kumi. Yule dada akamfungia chupa yake, akamtazama mpaka alipovuka barabara.

Kwa furaha hiyo akaipelekea kamati kanuni aliyoiandika kwa mkono wake. Kifungu cha nne kilisema kwamba alama za skrubu zisipofanana na picha, mtihani huo unatupwa na kutungwa upya, hata iweje. Kamati ikapitisha bila mjadala kwa kuwa saa ya kwenda nyumbani ilikuwa imefika. Toka hapo, kila asubuhi kabla ya chai, baba wa watu alilala chali chini ya kabati, laptopu kifuani, simu mkononi, akihesabu vimetameta.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki siku tatu mtihani upelekwe kuchapwa, alijilaza kama kawaida na hakukuta kimetameta hata kimoja. Skrubu kumi zilikuwa safi, zinang'aa.

Aliinuka kwa kasi akagonga kichwa kwenye kabati, vikombe vikalia. Alimwita mkewe jikoni, akamhoji. Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta, na hilo likamtoa kwenye orodha ya washukiwa. Katika nyumba ile alikuwepo pia mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki mbili, na wakati huo alikuwa sebuleni anachambua mchele. Kufuli alipita mbele yake, akamwamkia shikamoo kwa mara ya pili asubuhi ile, akamuuliza kama miguu bado inauma. Zaidi ya hapo hakuuliza. Mama mkwe hahojiwi. Huo ndio mpaka wa upelelezi kwa mtu aliyelelewa.

Akabaki binti. Akamfuata chumbani kwake.

"Rangi ile haitoki kwa maji," baba akaanza. "Inatoka kwa asetoni. Nani humu ndani ana asetoni?"

"Mimi," binti akasema. "Ya kufutia kucha."

"Na nani anafanya mtihani?"

Binti akafunga daftari lake.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema Kufuli. Mara ile ile akatamani ayarudishe maneno mdomoni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Binti alimtazama tu. Hakulia, na hilo likamuumiza babaye zaidi kuliko kama angelia.

Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya ungo ukiwekwa chini. "Mkwe wangu," akasema bibi, "mwache mtoto. Niliifuta mimi, jana."

Kufuli akasimama kama aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Nilikuwa napangusa vumbi. Nikaona kwa chini imechafuliwa marangi ya zambarau. Nikasema, mjukuu wangu huyo, kamharibia baba yake kompyuta, na baba yake akiona atamgombeza. Nikachukua dawa yake ya kucha nikaisugua vizuri ikatakata. Nilikuwa namwepushia ugomvi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa muuguzi, na huyo alikuwa amerudi jikoni kucheka.

Kufuli akampigia simu mwenyekiti wa kamati, akaeleza yote, mpaka ungo. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba anamwamini mama mkwe kabisa, ila kifungu cha nne kinasema hata iweje. Mtihani ukatupwa. Alitakiwa kuleta mwingine ifikapo Jumatano.

Alasiri ile alikuwa sakafuni tena, anatafuta swali jipya la mteremko na kigari, na swali haliji. Binti akamletea chai. Akaiweka chini na kugeukia ukutani haraka, asije akaona maswali kwenye kioo cha laptopu.

"Mwanangu," akasema Kufuli, "nimekukosea. Nilikuwa naogopa wasikuite mwizi, nikawa wa kwanza kukuita mimi."

Binti alikuwa bado ameukabili ukuta. "Baba, neno lako la siri ni siku niliyozaliwa. Tarehe, mwezi, mwaka. Nalijua tangu nikiwa darasa la sita, ulipokuwa na malaria ukaniambia nifungue laptopu nikusomee barua pepe."

Kufuli akaitazama laptopu, mnyororo, nta iliyobaki kwenye matundu.

"Hujalibadilisha hata siku moja," akasema binti. "Ningetaka mtihani wako, nisingehitaji bisibisi."

Akatoka akaurudisha mlango taratibu. Chai ikapoa pale sakafuni, na mwalimu wa fizikia hakuandika swali hata moja mpaka jioni.