Mjomba Aliyekataa Niitwe Yatima

Nilipofaulu kidato cha sita, watu wa kijijini kwetu, njia ya kwenda Kilambo, Mtwara, walimpongeza mjomba wangu kabla ya kunipongeza mimi. Sikushangaa. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba anaoa, anajenga, anapanda mikorosho, lakini mtoto akiugua anaitwa kaka wa mama, akichumbiwa anaulizwa kaka wa mama, akifanya upuuzi anatukanwa kaka wa mama.

Baba yangu alifariki nikiwa bado sekondari. Baada ya arobaini wapwa wake, watoto wa dada zake, walikuja wakachukua mikorosho yake yote, na hakuna aliyepiga kelele, hata mama. Ilikuwa haki yao. Mjomba alisimama uani akasema, "Wachukue miti. Mtoto ni wangu." Na kweli alinisomesha. Sare, daftari, ada, nauli ya kwenda bweni, vyote vilitoka kwenye shamba lake. Naliandika hili mapema ili mtu asidhani nina ugomvi na moyo wa yule mzee.

Miaka ile redio haikuchoka na habari ya kuchangia elimu ya juu. Pale kwa muuza kahawa wanaume walibishana mpaka kahawa ikapoa.

"Serikali isomeshe nchi nzima kwa hela gani?"

"Kwa korosho zetu! Kila msimu zinapita bandarini pale. Kwani zinakwenda kumsomesha nani?"

"Anayetaka digrii auze shamba."

"Mimi kwa ajili ya huyu nitauza hata suruali," mjomba akasema.

"Hiyo? Atainunua nani?"

Walicheka sana, na yeye akacheka kuliko wote. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye bado hajaulizwa chochote.

Nilipata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam, nisomee ualimu wa sayansi. Mwalimu wangu mmoja akanieleza habari ya mkopo. Yatima na maskini hasa ndio wanaopewa mkopo mzima. Wengine wanapewa sehemu, familia inajazia. "Chukua cheti cha kifo cha baba yako," akasema, "nenda kwa mtendaji wa kata akuandikie kwamba wewe ni yatima. Usilale."

Sikulala. Lakini nilikwenda na mjomba, maana kwetu hakuna anayekwenda ofisini kwa jambo kubwa bila mjomba wake. Alivaa kanzu ya Idi.

Mtendaji alikuwa mtu wa mikoa ya bara, hana hata mwaka kwetu, mpole. Kwenye benchi walikaa watu wengine na shida zao. Akatazama cheti cha kifo, akamwuliza mjomba, "Kwa hiyo mzee, huyu binti ni yatima?"

"Yatima?"

"Baba yake si amefariki?"

"Baba yake amefariki. Na mimi nimefariki?"

Benchi zima likacheka. Nikamvuta kanzu. "Mjomba, mwachie aandike."

"Tulia, nakusemea." Akamgeukia mtendaji. "Bwana mtendaji, hapa kwetu yatima ni yule asiye na mjomba. Huyu nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, na nitamfikisha mimi."

"Uwezo unao?"

"Ninao."

Mtendaji akaandika alichoambiwa. Ungekuwa wewe ungeandika nini?

Majibu yalipotoka nilikuwa nimepewa sehemu ndogo, iliyobaki ilipe familia. Mjomba hakutishika. "Korosho zikinunuliwa," akasema. Tatizo ni kwamba chuo kinafungua mlango wakati korosho bado ziko juu ya mti, na hata zikinunuliwa, chama cha msingi cha ushirika kinalipa kidogo kidogo, kinapojisikia. Waliopanga kalenda ya chuo hawakumfikiria mkulima wa Mtwara. Sijui walimfikiria mkulima gani.

Nikarudi kwa mtendaji peke yangu. Akanihurumia, akasema maelezo yanaweza kurekebishwa, ila mzee mwenyewe arudi atamke kwamba hana uwezo.

Mama aliposikia aliacha kutwanga. "Unataka kaka yangu akajivue nguo mbele ya watu?"

"Nataka aseme ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba hukulelewa?"

Mjomba alitoka shambani na unga wa salfa, ile dawa ya mikorosho, mpaka kwenye nyusi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nikaseme sina uwezo."

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe ni yatima."

"Kwenye karatasi tu."

Akapangusa uso kwa mkono ambao nao ulikuwa umejaa salfa. "Haya."

Tulikwenda asubuhi, akaingia ofisini mbele yangu. Na kwenye benchi, kati ya watu wote wa kata ile, alikuwa amekaa mmoja wa wapwa wa baba, wale waliochukua miti. Alikuja kwa kesi ya mpaka wa shamba.

"Shikamoo, mjomba," akasema, meno yote nje. "Binti yetu anaondoka lini? Au mzigo umekuelemea, tuje tukupokee?"

Mjomba alimpita, akasimama mbele ya meza. Mtendaji akainua kichwa. "Karibu, mzee. Umekuja kubadilisha yale maelezo?"

Nilimwona mjomba akifungua mdomo. Nilikuwa ubavuni kwake, nikaona na shingo yake inavyokakamaa.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kukusalimia."

Njiani alisukuma baiskeli bila kuipanda. Nikamwambia, "Umeniua." Sikusema kwa sauti ndogo. Akajibu bila kunitazama, "Nitauza."

Akauza kweli. Akauza kangomba, yaani korosho za msimu mzima akaziuza zingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa wafanyabiashara wanaojua mtu akishikwa shingo. Hela ile haikutosha, na ilipoongezwa kwa kuchangisha ndugu, usajili chuoni ulikuwa umeshafungwa. Nikaambiwa niombe upya. Hela za ndugu zikarudishwa, za mjomba tukazila msimu ule usio na mavuno. Mwaka uliofuata mjomba alikosa hata ya salfa, akawa hana korosho wala shilingi, analima shamba la mtu. Sikuomba. Nikafundisha kwa muda shule ya kata, nikaolewa, nikahamia Magomeni ya Mtwara mjini, nikazaa.

Mwanangu alipokuwa anaanza kukaa, mjomba alikuja kututembelea. Jioni ile kulikuwa na mkutano wa hadhara, mgeni mkubwa anazungumzia elimu, tukaenda. Yule bwana alikuwa amevaa vizuri, anaongea vizuri. Akasema watu wa Kusini bado wamelala. Akasema mkipata hela za korosho mnakimbilia ngoma, hamtaki kusomesha, halafu mnalalamika mikopo haiwafikii.

Watu wakapiga makofi. Nikamtazama mjomba. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anakubali. Amini usiamini, anakubali! Mtu aliyeuza msimu wake mtini alikaa pale akajihesabu miongoni mwa wanaopenda ngoma kuliko shule.

Nikainuka, mtoto mgongoni. Nilitaka kumwuliza yule bwana ni nani aliyeamua kwamba msaada wa shule lazima ununuliwe kwa kuwakana walio hai. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa anakuja upande wetu.

Mjomba akanishika khanga.

"Kaa, mwanangu," akanong'ona. "Watajua kwamba nilishindwa."

Nikakaa. Kipaza sauti kikapewa mtu mwingine, akauliza habari ya barabara.