Majivu mikononi mwa shangazi

Juzi, sokoni Wamaza, niliona kijana akimutupia nyoka wake panya muzima ndani ya sanduku. Jicho moja la nyoka lilikuwa limeharibika, panya walikuwa wamelitafuna. Simulaumu sana, labda hakuna aliyemuonyesha. Nikamukumbuka shangazi.

Chatu wake aliokotwa mudogo kwenye shamba la pamba tulilolimishwa na Wazungu. Shangazi alimufuga ndani ya gala ya mupunga, yenye joto na harufu ya makapi. Chatu yule hakutaka panya asiyetembea. Basi shangazi aliua panya kwanza, akamufunga kwa kamba kwenye ufito murefu, akamuchezesha chini kama muzima. Mimi, kasichana bado, nilifikiri anamuhurumia panya. Na aliposugua mikono kwa majivu na maji, nilifikiri anatawaza kabla ya sala.

"Shangazi, unamusalia nyoka?"

Alicheka tu.

Siku ile mimi ndiye nilimubeba panya kwa mukia, na sikunawa. Chatu akatoka, akaupita ufito, ulimi wake ukagusa vidole vyangu.

"Usivute mukono, mama," shangazi alisema polepole. "Unanuka panya. Anakuona chakula."

Akapenyeza ufito katikati yetu, panya akirukaruka. Nilisikia kishindo kama nguo inayopigwa juu ya jiwe, na chatu alikuwa amejiviringisha kwenye panya.

"Sasa nenda ukasali na weye," shangazi akasema. "Majivu iko pale."

Pengine alimuhurumia panya pia, sikumuuliza. Lakini chatu wake alizeeka na macho yote mawili, na mimi niko na vidole vyangu vyote ninavyoandikia haya.