Padri Aliyepiga Mwano

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya udereva sikupewa ufunguo wa gari. Nilipewa jembe na sepetu. Bruda mkuu wa gereji ya misheni pale Shinyanga mjini, mzungu mfupi mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliniambia, "Hapa dereva anaanzia chini ya gari. Ukijua kulitoa kwenye tope, nitakufundisha kuliendesha." Nilidhani ananitania. Nikachimba tope msimu mzima wa mvua, nikiitwa utingo, kabla hajaniruhusu kushika usukani.

Ninyi vijana mmekuta lami, kwa hiyo nieleze kidogo. Udongo wa mbuga zetu ni mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mguu, ukilowa unanasa tairi mpaka chasisi inakaa chini. Landrova ilikuwa na gia ndogo ya kuunganisha magurudumu yote manne. Dereva mjinga aliivuta akishanasa; mjuzi aliivuta kabla. Tulibeba pia minyororo ya tairi na mbao za kutandika, lakini kilichotutoa hasa ni watu. Uliponasa popote, kuanzia Tinde hadi Samuye, walitokea mashambani bila kuitwa, wakasukuma, wakakucheka udereva wako, kisha wakarudi kwenye palizi yao.

Kutoka gereji nilipelekwa Geita kumwendesha Padri Mkuu kwenye kambi za wachimbaji wa dhahabu. Yeye hakuwa na makuu. "Wachimbaji hawana Jumapili," alisema. "Jumapili yao ni siku gari letu litakapofika." Nilimpenda mzee yule. Alipohamishwa, nami nikapelekwa upande wa Kishapu, kwa Paroko mpya aliyetoka ng'ambo.

Paroko huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani na alikisema vizuri kuliko mimi, ila Kisukuma hakukijua kabisa. Alipenda saa. Kengele ikichelewa kidogo alikunja uso hadi jioni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa ng'ombe umezidi, vijiji vimeunda sungusungu. Sheria yao kubwa ilikuwa ya mwano, yaani yowe la hatari. Ukisikia mwano unatoka, hata kama tonge liko mdomoni. Usipotoka unatozwa ng'ombe, na mpaka ulipe umetengwa: husalimiwi, huuziwi kitu, husikilizwi. Anayekusikiliza naye ni mkosaji.

Jumapili moja mwano ukapigwa katikati ya mahubiri. Wanaume wakainuka wote kwa pamoja.

"Kaeni chini!" Paroko akasema. "Misa haijaisha."

Wakatoka nje kwa milango yote miwili. Sisi wa misheni, yaani katekista, mpishi na mimi, tulibaki na akina mama na wazee. Jioni akaja kamanda wa sungusungu, mzee Luhende. Alisimama nje ya uzio, salamu hakutoa.

"Padri, wewe ni mkazi wa kijiji hiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwano uliusikia?"

"Nilikuwa altareni."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

Akataja ng'ombe mmoja. Paroko akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu na hatambui mahakama ya upinde na mishale. Mzee Luhende akageuka, akaenda zake. Ng'ombe walioibwa walikuwa wamekwisha kupatikana wote, jambo ambalo Paroko aliona linamaliza kesi.

Jumatatu maziwa hayakuja. Jumanne, kisimani, akina mama walimpisha mpishi wetu, wakampa mgongo mpaka alipomaliza kuchota. Mafuta ya taa yakatuishia, tukaenda kwa Mhindi mwenye duka, mtu mzito asiyependa kutembea. Akatutazama kwa huruma, ila mkono hakuunyoosha kwenye rafu.

"Samahani, Padri. Mimi na tumbo hili nilitoka na fimbo yangu. Nikikuuzia, kesho ninatengwa mimi."

Jumatano sala ya jioni tuliisali sisi watatu na Paroko. "Watachoka wenyewe," akasema.

"Padri," katekista akamjibu, "Msukuma hachoki kununa."

Nilicheka peke yangu.

Alhamisi ndiyo siku ninayotaka kuisimulia. Asubuhi, mvua ikinyesha, Mama Masanja wa kijiji cha pili alifika misheni na mkokoteni wa ng'ombe. Juu yake alikuwa amelala mkwewe, Minza, mwenye uchungu tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Wao walitoka kwingine, kutengwa kwetu hakukuwahusu, na gari lilikuwa letu tu. Paroko hakuuliza mara mbili. Tukamlaza Minza nyuma ya Landrova, Mama Masanja akamshika kichwa, tukaelekea hospitali ya Shinyanga.

Gia nilivuta mapema, kama nilivyofundishwa. Hata hivyo tukanasa kwenye mbuga iliyo mwisho wa mashamba ya kijiji chetu. Nikafunga minyororo, mmoja ukakatika. Nikatandika mbao, zikazama. Ng'ambo ya mbuga wanaume walikuwa wanapalilia pamba, na mzee Luhende alikuwa kati yao. Nikawapungia mkono. Nikaanza kuwaendea kwa miguu, na kabla sauti yangu haijawafikia waliweka majembe begani, wakanipa mgongo, wakasogea mbali. Walikwepa kunisikia. Turubai lilifunika nyuma ya gari, hawakuweza kujua tumebeba nani.

Nilirudi, nikachimba; Mama Masanja hakuweza kumwacha Minza akawaite yeye. Paroko naye akachimba kwa mikono, kanzu imelowa. Muda ukapita. Halafu Mama Masanja akafunua turubai.

"Padri, alikuwa analia. Sasa amenyamaza."

Paroko akapanda juu ya boneti, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano. Hakujua unavyopigwa. Sauti ilimkatika kama ya ndama aliyepotezana na mama yake, akarudia tena na tena. Wanaume wakasimama. Wakatazamana. Kisha wakaja mbio, fimbo mkononi, mzee Luhende mbele.

"Wezi wako wapi?"

"Hakuna wezi," Paroko akasema. "Kuna mama anakufa."

Mzee akachungulia ndani ya turubai. Akaitupa fimbo yake chini. Waliinua gari lile kwa mikono, wakalibeba karibu mzimamzima hadi kwenye ardhi ngumu.

Minza alipasuliwa, akapona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa. "Mmechelewa," daktari akasema. Tukarudi ndani ya gari.

"Baba Shija," akaniuliza, "ni nani aliyemchelewesha?"

Nilishuka nikafungua boneti, ingawa injini haikuwa na shida yoyote.

Jumamosi Paroko alipeleka dume la ng'ombe kwenye mkutano wa sungusungu. Mzee Luhende alitaka kulipokea yaishe. Mama Masanja akasimama kati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hakuzoea kusema.

"Padri alikosa Jumapili, leo analipa. La Alhamisi analipa nani? Gari mliliona limenasa."

"Mama, sheria ilitufunga," mzee Luhende akasema.

"Sheria hiyo mliitungia ng'ombe. Mjukuu wangu hakuwa ng'ombe."

Mzee Luhende akaondoka taratibu, tukadhani amekasirika. Alirudi akiswaga dume lake mwenyewe. Yakachinjwa yote mawili, na kwa kuwa aliyetengwa hurudishwa kwa kula, yeye na Paroko walikula sinia moja. Wasukuma kwenye nyama hutaniana sana. Siku ile tulikula kimya, nami nilijisikia huzuni ambayo sikuwa nayo hata kule hospitali.

Nilimwendesha Paroko yule miaka mingine mingi. Mwano ukipigwa alitoka, tena mbio. Mimi nilistaafu baada ya mgongo kuchakazwa na springi ngumu za Landrova, na vijana wakiniuliza kazi ilikuwaje, huwaeleza gia, minyororo na mbuga, kwa sababu hayo yanafundishika.

Minza alizaa watoto wengine, wazima. Nilikutana naye barabarani mara nyingi, mzigo kichwani, jua kali, nami nikasimamisha gari kila mara, nikamfungulia mlango. Alipiga goti, akanisalimu kwa heshima zote, akauliza habari za Mama Shija. Kisha akaendelea na safari yake kwa miguu.