Mwanvua Anayesomea Kufikiri

Mjukuu wangu Mwanvua alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajaota meno. Anayebisha aulize mtaa wetu wote wa Buzebazeba. Sikushangaa basi alipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea falsafa.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamwuliza.

"Kujua lipi jema, Bibi, na kwa nini ni jema. Na kujua kama neno hili kweli linatokana na lile, au limerukia tu."

Nikamwambia mimi nafanya hayo tangu enzi za Mjerumani.

Baba yake hakucheka. Mwanangu Gharib ni fundi mitumbwi. Mwanvua aliporudi likizo ya mwaka wa pili, mwaka ule wakimbizi walipofurika kwetu kutoka Burundi na Zaire, baba yake alimwambia, "Mtoto wa jirani yetu Feliksi anasomea uuguzi. Wangu anasomea kufikiri! Nionyeshe faida yake kwa macho, la sivyo hurudi."

Mtoto akakonda. Kila siku anakunja nguo za safari, anazikunjua.

Ikabaki wiki moja treni iondoke. Tukaenda ufukweni Katonga kuanika dagaa mchangani, Gharib naye akiziba nyufa za mtumbwi hapo hapo. Katonga, anayeiona mvua kwanza hukusanya dagaa wa wote, wake na wa jirani. Siku hiyo niliiona mimi. Matone kama mayai ya bata! Nikakusanya dagaa wa wanawake kumi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kanga yangu isipeperuke.

Mvua ilipokatika, Rozalia, mmoja wa wale wanawake, akakosa dagaa wake.

"Ni huyu Agnesi!" akapiga kelele. "Tangu wakimbizi waje, vitu vinapotea!"

Agnesi, Mrundi aliyepanga chumba jirani yetu, akashika kichwa. "Mana yanje! Mungu wangu! Mama, mimi sikugusa."

Mwanvua akasogea. "Shangazi Rozalia, dagaa anatoka ziwani?"

"Unaniuliza mimi? Anatoka."

"Na kiboko?"

"Naye."

"Basi kesho tukuanikie kiboko, ule na ugali."

Watu wakaangua kicheko. Mwanvua hakucheka. "Kutoka ziwani hakumfanyi kiboko dagaa, na kuja kwetu hakumfanyi mtu mwizi. Tusiulize nani mgeni, tuulize nani alikusanya."

Macho yote yakanigeukia. Nikatazama ziwa. Dagaa wa Rozalia nilikuwa nimewamwaga pamoja na wangu kwenye mfuko wa salfeti, na nilikumbuka hivyo tangu kelele zilipoanza. Nikaanza kueleza jinsi upepo ulivyowabeba wakaingia wenyewe, wamepanga mstari.

"Bibi."

"Wamo humu," nikasema.

"Kuwachanganya ni bahati mbaya. Lakini kunyamaza mwenzio akisingiziwa, je?"

Nikamwendea Agnesi, mtoto ambaye ningeweza kumzaa, nikamwomba radhi mbele ya pwani nzima. Rozalia naye akaomba, shingo upande. Agnesi akanishika mikono, akasema yamekwisha, kisha akaniomba nimalizie ile habari ya mstari.

Gharib alikuwa ameacha nyundo.

"Mama amekiri kosa," akasema polepole. "Miaka arobaini na mbili nimejaribu. Babangu alijaribu hadi kufa." Akamgeukia binti yake. "Treni ni siku gani?"

"Jumanne, Baba."

Siku ya Jumanne Gharib alilibeba sanduku mwenyewe hadi stesheni. Njia nzima alikuwa akimwuliza kama mwaka wa tatu wanasoma kesi ngumu zaidi, kwa sababu mimi, bibi yake, ninazo nyingi nyumbani.