Polishi kwa Wenye Akala

Jamani, leo muuzaji wa jumla amenikasirisha hadi nimecheka peke yangu dukani kwake.

Eti nikitaka mafuta ya kupikia, lazima nichukue na katoni ya chaki.

Chaki! Mimi nauza chapati!

Nikamkumbuka mama. Miaka ya themanini, sukari imeadimika, naye ana kiduka chake mtaani Kariobangi. Aliyetuletea sukari ni Bwana Kilonzo, na sharti lake lilikuwa moja: hakuna gunia bila katoni ya polishi ya viatu.

Na mtaa mzima tulivaa akala za tairi. Nani hupiga tairi polishi?

Mama hakubishana. Akawageuzia wateja: ukitaka kilo ya sukari, chukua na mkebe wa polishi. Walimtukana, halafu wakanunua. Chai ni chai.

Jumapili moja akaingia Bwana Kilonzo mwenyewe, patipati za mpira miguuni. Wageni wamejaa kwake, na sukari ameuza yote, hata ya nyumbani.

"Mama Auma, nipimie kilo."

Mama akapima. Juu yake akaweka mkebe.

"Aa, mama, hiyo sitaki."

"Basi rudisha sukari."

Akatazama patipati zake. Akatazama mkebe. Akalipa.

Kwa hivyo leo sikubishana. Mafuta nimebeba, na chaki nimebeba.

Yule muuzaji hula chapati kwangu kila mchana.

Sasa nishaurini: nimpe chaki nyeupe, ama ya rangi?